Ana miaka 7, na ndiyo kwanza nimejua anaweza kufunga vifungo vya shati

MamaKitinda (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Uzi ni mrefu, wasio na muda wapite tu.

Kitinda mimba wangu ana mtindio wa ubongo. Miguu yote miwili inakakamaa, na mkono wa kushoto ni mzito, vidole havishiki kitu upesi. Akili timamu, maneno anayo mpaka ya akiba. Ndani anatembelea fremu, nje tunatumia kiti cha magurudumu. Sikuja kulia humu. Machozi niliyamaliza alipokuwa na miezi 11, siku daktari aliponikalisha akaniambia jeraha la ubongo haliongezeki wala halifutiki, kazi iliyobaki ni ya mwili. Nimekuja na habari ya shati.

Jumamosi iliyopita niliamka na homa. Kwa kawaida Jumamosi natoka alfajiri kwenda kazini, narudi mchana. Baba yao alikuwa safarini. Nikamwambia dada yake, ana miaka 10, amvalishe mdogo wake, nikajifunika. Nilipozinduka nyumba kimya. Mwenye watoto anajua kimya si habari njema. Naangalia saa, dakika 40 zimepita. Nikajikongoja hadi mlangoni kwao.

Mtoto kaketi sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye kona ya ukuta na kitanda ili asiangukie upande. Shati keshalivaa. Ukingo wa upande mmoja kaukandamiza kifuani kwa kifundo cha mkono wa kushoto, huo huo ninaouita mzito, na kwa dole gumba la kulia anasukuma kifungo kwenye tundu. Kinateleza. Anavuta pumzi, ulimi nje, anasukuma tena. Kinateleza. Mara ya tano au ya sita kikaingia. Akakigonga kwa kidole kama karani anayepiga muhuri, akahamia cha chini yake. Dada mtu kajilaza kitandani anasoma kitabu, hata hamtazami. Nikamuuliza kwa ishara. Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kanikataza. Jumamosi zote huwa anavaa mwenyewe."

Zote!

Vifungo vinne vilishafungwa, ila tundu moja lilirukwa, shati limepanda upande mmoja. Sasa mimi mama mtu mzima nikafanya nini? Niliingia, nikapiga magoti, nikavifungua vyote nikavifunga upya. Sekunde 20. Hakulia. Alilegeza mikono tu ikaning'inia, kama anavyofanya kila siku nikimvalisha. Miaka yote nilidhani ile mikono kulegea ni ugonjwa. Kumbe ananingoja nimalize.

Siku za shule nina dakika 50 tangu anapoamka mpaka gari linapokuja. Nikimvalisha mimi ni dakika 3. Nimempima juzi avae mwenyewe, shati peke yake dakika 22. Bado viatu vya plastiki vya kushikilia nyayo, bado soksi ambazo hazitakiwi kuwa na mkunjo hata mmoja maana mkunjo unaacha malengelenge, bado kula, bado choo. Nyie wenzangu mnaolea watoto wa aina hii, muda mnautoa wapi?

MpitaNjia

Naweka kigoda changu hapa. Endeleeni.

BabaBinti

Dada, kwanza usijipige sana. Sote tumefungua vifungo vilivyofungwa.

Wa kwangu ni binti wa miaka 9, alizaliwa na mgongo wazi. Kwa wasiojua, uti wa mgongo wa mtoto unatakiwa uwe umejifunga siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati mama wengi hata hawajajua kama wana ujauzito. Ndiyo maana wanasisitiza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, vianze kabla ya mimba. Sisi tulivisikia kliniki, mimba ikiwa na miezi mitano. Basi.

Yeye miguu haina nguvu wala haihisi, na kibofu hakitoi mkojo chenyewe. Kila baada ya saa 3 au 4 unaingizwa mpira mwembamba, mkojo unatoka, mpira unachomolewa. Mwaka 1972 daktari mmoja wa Marekani, Jack Lapides, na wenzake waliandika kwamba mpira safi unatosha, si lazima kila mara uwe wa usafi wa chumba cha upasuaji. Huyo mzee simjui lakini namuombea dua, maana bila yeye binti yangu asingeweza kukaa shuleni mpaka mchana.

Miaka yote tuliifanya kazi hiyo mimi na mama yake kwa zamu. Muuguzi akatuambia mtoto aanze kujifunza. Tukaanza: kunawa mikono, kukaa vizuri, kioo kidogo katikati ya mapaja, kutafuta tundu. Siku ya kwanza alilia kwa hasira. Siku ya kumi na kitu nipo mlangoni nimeshika taulo kama mhudumu, akageuka akaniambia, "Baba toka nje, ufunge mlango."

Nikatoka. Nikasimama ukumbini sijui mikono yangu niiweke wapi.

Kwa hiyo swali lako la muda, jibu langu ni kwamba tuliamka mapema zaidi. Nusu saa. Hakuna siri nyingine. Mengine bado nayafanya mimi: usiku nakagua nyayo zake kwa tochi maana akijikata hajui, na maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko changu kwanza. Na mwenye mtoto wa mgongo wazi aangalie sana maputo na glavu za mpira wa lateksi, wengi wao wana mzio nao mkali.

KichwaNgumu

Samahani nitaharibu mandhari.

Mnaongea kama watu wenye wasaidizi watatu. Mimi niko peke yangu na watoto watatu, wa kati ana mtindio mkali, hakai mwenyewe, kilo 24. Kijiko kwa kijiko kumlisha ni dakika 50 kila mlo, maana ukiharakisha anapaliwa, na kupaliwa kwetu maana yake ni homa ya mapafu na wiki nzima wodini. Halafu mtu aniambie nimsubiri ajivalishe? Mgongo wangu umekwisha. Nambeba, namvalisha, tunaondoka. Akiwa amevaa na ameshiba nimefaulu siku hiyo. Msitufanye tuonekane tunawaonea watoto wetu.

MamaKitinda

KichwaNgumu mama yangu, hapana, sikuwa na nia hiyo. Pole kwa mgongo. Hilo la dakika 50 za kulisha naliheshimu, wangu alikuwa hivyo mpaka miaka 3.

MtuWaMazoezi

Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, watoto ndio wateja wangu. Niwajibu wote wawili.

Mleta uzi, usiigeuze asubuhi kuwa darasa. Asubuhi ya shule ndiyo saa mbaya kuliko zote za kufundishia: mtoto hajaamka vizuri, misuli imekaza, na wewe una haraka. Akisikia haraka yako kwenye sauti, mwili wake unazidi kukakamaa. Hilo si ukaidi.

Tunachofanya sisi ni kuanzia mwisho. Wewe unafunga vifungo vinne, cha tano unakiingiza nusu, yeye anakivuta kimalizike. Akizoea, unamwachia cha tano chote. Kisha viwili. Faida yake ni kwamba kila siku anayemaliza ni yeye. Ukimwanzishia juu, atachoka katikati, wewe utamalizia, na atakachokumbuka ni kushindwa. Mkono mzito ndio uingie kwanza kwenye shati na ndio utoke mwisho wakati wa kuvua. Akae mahali nyayo zinagusa chini na mgongo una pa kuegemea. Ile kona ya ukuta na kitanda aliichagua mwenyewe? Huyo mtoto ni mwalimu wangu.

KichwaNgumu, kwako ni tofauti na sitakwambia habari za vifungo. Ila kabla hujamnyanyua, mwambie, halafu mngoje apumue mara mbili. Hata asiyesema hujiandaa, utamsikia shingo inabadilika. Akijiandaa anakuwa mwepesi kuliko akishtukizwa, na mgongo wako utaona tofauti. Kunja magoti, mlete karibu na kifua ndipo unyanyuke, usiinuke ukiwa umepinda kiuno. Wakati wa kula kichwa kisilale nyuma hata kidogo, kidevu kiiname kidogo, kijiko kitokee mbele na chini, si juu.

Na nyote wenye watoto wa mtindio, hata kama hasemi nyonga inauma: ombeni picha ya eksirei ya nyonga. Karibu mtoto 1 kati ya 3 nyonga huanza kusogea kutoka mahali pake, taratibu, mwanzoni bila maumivu. Kadiri mtoto asivyotembea ndivyo hatari inavyopanda. Ikigundulika mapema kuna mengi ya kufanya.

KichwaNgumu

Kumngoja apumue mara mbili naweza. Asante. La nyonga sikuwahi kuambiwa na mtu, miaka 8.

NuruYaAsubuhi

Jamani kuna mtu anawaombea watoto hawa wanatembea ndani ya siku 21. Anayetaka aje inboksi.

MamaKitinda

Inboksi yangu imejaa hao tangu 2019, ndugu. Mmoja alimvuta miguu mtoto wangu kwa nguvu mpaka akazimia. Tuendelee na mada.

MagurudumuManne

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ndiye yule mtoto. Nina miaka 34, mtindio wa miguu na mikono, ninaandika haya kwa kidole kimoja kwa hiyo mnivumilie.

Nilivalishwa na mama mpaka miaka 15. Hakuwahi kunitesa, alinipenda kupita kiasi. Lakini kuna kitu ambacho wazazi hamkioni kwa sababu hamjawahi kubebwa mkiwa na akili zenu. Nilikuwa nikiongea na mtu, ghafla ninanyanyuliwa. Katikati ya sentensi. Wageni wakiniona walimuuliza mama, "Anakula?" nami nimekaa hapo hapo. Kiti changu kilisukumwa na mtu yeyote aliyeona kimeziba njia, kama meza. Mwili wangu ulikuwa wa watu wote ila mimi.

Sasa nitawashangaza. Leo sifungi vifungo. Ninaweza, nilijifunza, inanichukua dakika 15 na nikimaliza mikono inatetemeka kiasi kwamba siwezi kuandika kazi yangu ya asubuhi. Nguvu zangu zina kipimo kama betri ya simu. Kwa hiyo navaa fulana, na siku ya mkutano kaka yangu ananifunga shati huku tunabishana mpira. Namwita mimi. Namwambia funga mpaka cha pili, cha juu acha. Akikosea namfukuza.

Dada MamaKitinda, uliuliza muda unautoa wapi. Umempima mtoto kwa saa, sawa. Umemuuliza kama hilo shati ndilo analotaka kupotezea hizo dakika 22?

MamaKitinda

Sijamuuliza.

BabaBinti

MagurudumuManne umenigusa pabaya. Wa kwangu kwenye mpira wa mkojo hakuwa na hiari, lakini kuna mazoezi ya kusimama kwenye bamba ambayo kila jioni ni vita. Sijawahi kumuuliza afadhali yawe saa ngapi.

Nikiwa hapa hapa, kuna jambo la pembeni. Fundi wetu alitujengea mteremko wa mlango wa mbele. Kizingiti kina sentimita 15, akajenga mteremko wa sentimita 60, akaupaka rangi nzuri. Binti akapanda nusu, kiti kikarudi kinyumenyume, nikakidaka kwa tumbo. Kanuni ni kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Yaani kizingiti changu kilihitaji sentimita 180. Fundi alinibishia kwamba utamaliza uwanja wote. Na kweli ulimaliza uwanja, lakini sasa anapanda mwenyewe, na marafiki zake wanashuka nao kwa baiskeli.

MtuWaMazoezi

Na juu mlangoni muwache sehemu tambarare, kiti kisimame huku anafungua mlango. Wengi wanasahau hapo.

DadaMkubwa

Naomba niseme kwa niaba ya yule dada mwenye kitabu.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, mdogo wangu ana ulemavu wa miguu. Nilichokijua mimi nikiwa na miaka 10 wazazi walikuja kukijua nikiwa na 20. Sababu ni ndogo: sisi watoto hatuna haraka, na hatumwonei huruma. Wangu tulikuwa tunapigana. Akinivuta nywele nami namvuta. Mama akiingia anasema "muache mwenzio ni mgonjwa", na mdogo wangu anakasirika kuliko mimi kwa sababu alikuwa anashinda.

Yule mtoto kusoma kitabu bila kumtazama ndugu yake, msidhani ni uzembe. Ukimtazama anakosea. Hilo amelijua mwenyewe, hakufundishwa na mtu.

Ila na jingine niseme. Nilipofaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilikuta wazazi wamempeleka mdogo wangu kliniki. Karatasi ya matokeo nikaibandika kwenye friji. Ikakaa pale siku tatu kabla mtu hajaisoma. Sina kinyongo, nilielewa hata wakati ule. Lakini naikumbuka ile karatasi. Mama, huyo binti wa miaka 10 anasoma kitabu gani?

MamaKitinda

Nimekwenda kumuuliza sasa hivi. Cha nyota na sayari. Amenieleza kwa dakika nyingi sana, sikujua kama anapenda mambo hayo. Sijui niseme nini.

MpitaNjia

Uzi huu umenitoa machozi kazini. Bosi ananiangalia.

KichwaNgumu

Swali la haraka. Shule ya mtaani kwangu mwalimu ameniambia nimlete "akishaweza kukaa". Kuna mtu alipita huko?

BabaBinti

Tuliambiwa "akishajua kwenda chooni". Nikarudi na nakala ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, ibara ya 24: mtoto asitengwe na elimu ya msingi ya bure na ya lazima kwa sababu ya ulemavu. Tafuta kama nchi yako imeuridhia, nchi nyingi zimeuridhia. Sikugombana. Niliuliza tu kwa upole kama wanaweza kuniandikia hilo jibu lao kwa barua. Hawakuandika, wakamwita mwalimu mkuu. Kilichofungua mlango hasa lakini si mkataba. Nilimwomba mwalimu wa darasa aje nyumbani nusu saa amwone mtoto akiwa sakafuni na vitu vyake. Alikuwa anaogopa tu kumvunja.

MamaKitinda

MREJESHO. Wiki tatu zimepita, wale mnaoniuliza kimya kimya niko hai.

Nilimuuliza. Nilichagua wakati mzuri, jioni, tumeshanyoosha miguu, nampaka mafuta. Nikamwambia: katika vitu vyote ninavyokufanyia, kipi unataka ukifanye wewe, hata kikichukua muda mrefu? Nilishajiandaa kusikia shati. Hata viatu nilikuwa nimevifikiria, akilini nikanunua vya kubandika, visivyo na kamba.

Akasema, "Kumfungulia baba mlango."

Sikuelewa. Akanieleza kwa ule mtindo wake wa kunifundisha mimi mjinga: baba akirudi anapiga hodi, dada anakimbia, mimi nikiwa bado nageuza fremu mlango umeshafunguliwa. Kila siku. "Sijawahi kuwahi hata mara moja."

Shati je? "Shati lifunge wewe tu siku za shule, mimi naona usingizi."

MagurudumuManne, uko wapi nikupigie saluti.

Tatizo likawa komeo. Lilikuwa juu, usawa wa kidevu changu. Baba yake akalishusha mpaka usawa wa kifua cha mtoto akiwa amesimama kwenye fremu, akafunga na kamba fupi yenye kishikio cha mbao, kwa sababu lile la chuma ni jembamba na vidole vinakataa. Tukamfundisha kwa kuanzia mwisho kama tulivyoelekezwa: mimi navuta komeo mpaka karibu litoke, yeye anamalizia. Siku ya nne akanisukuma mkono. Anaegesha fremu kwenye ukuta, mkono wa kushoto anaukunja kwenye chuma cha fremu kama ndoano, wa kulia anavuta. Halafu, hili ndilo lilitusumbua, lazima arudi nyuma hatua mbili mlango upate nafasi ya kufunguka, na kurudi nyuma na fremu ni kazi kuliko kwenda mbele. Ameanguka mara tatu. Mara ya pili alijigonga paji la uso na mimi nilikuwa jikoni nimeng'ata taulo nisitoke.

Dada yake alipewa kazi ya kutokimbia. Amesema ni ngumu kuliko hesabu. Kwa hilo analipwa: jioni moja kwa wiki ni yake na mimi, tunatoka nje kuangalia nyota, mdogo wake haji. Wa mwanzo kulalamika alikuwa mdogo wake.

Jumamosi shati bado analifunga yeye. Juzi tena tundu limerukwa. Nikaliacha. Tulipofika getini likanishinda, nikalirekebisha, akaniambia "mama wewe huponi."

Sasa jana. Saa moja kasoro jioni, mvua kubwa. Baba yake akafika, akapiga hodi. Nikamsikia mtoto anageuza fremu ukumbini, tok, tok. Nikatazama saa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Nje maji yanamwagika kama kuna mtu anamwaga kwa ndoo. Dada mtu kakalia mikono yake miwili kwenye kochi. Dakika ya nne, baba akapiga hodi tena, kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba.

Na mtoto akamjibu: "Subiri."

KichwaNgumu

Alilowa?

MamaKitinda

Chapachapa. Mpaka soksi.